Jinsi Usumba Ulivyohamia India

Kwa miaka mingi nilisafisha ndege. Naliweka hili mapema kwa sababu watu wakisikia nilifanya kazi Heathrow hunitazama kwa heshima, wakidhani nilikuwa rubani, au angalau mtu wa kugonga mihuri kwenye pasipoti. Hapana. Nilikuwa mtu wa kuchomoa soksi za abiria kwenye mifuko ya viti. Ukiniuliza abiria wa daraja la kwanza ana tofauti gani na wa nyuma, nitakwambia soksi zake ni nzuri zaidi.

Pamoja na soksi kulikuwa na majarida. Kila jarida lilikuwa na ramani kurasa za mwisho, dunia nzima imechanjwa mistari myekundu ya safari za ndege. Mwezi ukiisha yalitupwa, nami nikiyaokota na kumpelekea binti yangu. Alipokuwa na miaka sita alilala kifudifudi sebuleni kwetu Hounslow akifuata mistari ile kwa kidole. Alipofika kumi na tano bado alilala kifudifudi sebuleni, ila sasa ramani alichora mwenyewe, na alikuwa ameshaamua kwamba jiografia ndiyo atakayosoma mpaka chuo kikuu. Mie nilitaka asome uuguzi. Lakini ramani nilimletea mwenyewe.

Sasa nikueleze jambo moja la shule yake, na ulishike vizuri, maana bila hilo hutaelewa kwa nini watu wazima walihangaika wiki nzima kwa ajili ya ganda la nazi. Mtihani wa mwisho wa jiografia ulikuwa wa aina mbili, wa juu na wa chini. Mtoto hakuchagua, mwalimu ndiye aliyempanga. Aliyepangiwa mtihani wa chini angeweza kujibu kila swali bila kosa, akachora na maua pembeni, na bado asipate alama za juu, kwa sababu alama hizo hazikuwamo humo. Ni kama umtume mtu akununulie samaki, halafu umpeleke kwenye soko la mboga. Na bila alama za juu, shule isingemruhusu kuendelea na somo lile. Binti yangu alikuwa mpakani kabisa. Mwalimu alimwambia wazi kwamba ilibaki kazi moja ya mradi, na hiyo ndiyo itakayoamua aende upande gani.

Mradi wenyewe ulihusu viwanda vidogo na rasilimali za wilaya moja ya vijijini kusini mwa India. Kila mwanafunzi alipewa karatasi ileile. Ilieleza kwamba wilaya hiyo ina mpunga, samaki, udongo wa kuchoma vigae, na minazi mingi kandokando ya maji ya chumvi yaliyotulia. Chini kulikuwa na picha mbili, ambazo zilitolewa nakala ya nakala ya nakala mpaka nyuso za watu zikawa kama maandazi yaliyoungua.

Binti yangu aliitandaza mezani jikoni nilipokuwa nakaanga samaki. Niliinama kutafuta kifuniko, nikaiona picha ya kwanza, nikazima jiko.

Wanawake wanne walikuwa wamechuchumaa kando ya maji, kila mmoja na gongo mkononi, mbele yao rundo la vitu vyeusi. Chini yake palikuwa na maandishi: wanawake wakifua nguo.

"Hawafui hao," nilisema.

"Mama, imeandikwa wanafua."

Yeye alisema kwa Kiingereza. Siku zote mie nilimsemesha Kiswahili na yeye alinijibu Kiingereza, kama watoto wote wa huku, na tulielewana vizuri tu, hata katika ugomvi. Hapa nitayaandika yote kwa Kiswahili ili tusichoshane.

"Hao wanapiga makumbi," nilimwambia. "Huyu wa kwanza kashika gongo kama bibi yako. Huyu wa mwisho ni mvivu, tazama alivyokaa mbali na rundo."

Ngoja nikueleze na wewe. Kumbi ni lile ganda la nje la nazi, lenye nyuzi. Kwetu kusini Unguja wanawake huyafukia makumbi kwenye mchanga wa pwani, pale maji yanapojaa na kupwa, wakaweka mawe juu yasichukuliwe na bahari. Kila shimo lina mwenyewe, na ukifukua la mwenzio utasemwa mpaka kwenye harusi ya mjukuu wako. Miezi inapita, makumbi yanaoza, kisha yanafukuliwa. Harufu yake sijapata mfano wake, na kumbuka unasoma maneno ya mtu aliyesafisha vyoo vya ndege zilizotoka safari ya saa kumi na tatu. Halafu unayapiga kwa gongo mpaka nyama inatoka na zinabaki nyuzi. Unaziosha, unazianika, na hapo ndipo zinapoitwa usumba. Usumba unausokota kwa viganja, unapata kamba. Mama yangu alitusomesha wote kwa kamba hizo, na mikono yake ilikuwa migumu kiasi kwamba alipotushika mashavu kwa mapenzi tulilia.

Kiswahili, kwa bahati, kina neno moja la kufua nguo na kufua nazi. Kwa hiyo maandishi yale yangekuwa ya Kiswahili, yangekuwa na kosa nusu tu.

Binti yangu alinihamishia kwenye picha ya pili. Hapa wanawake walikuwa kwenye uwanja mrefu wakitembea kinyumenyume, kila mmoja ameshika uzi unaotoka kwenye kitu cha duara.

"Hawa wanacheza," nilisema bila kusita. "Ni mchezo wa kuvuta kamba."

"Imeandikwa wanasokota kwa gurudumu."

"Na ile nyingine imeandikwa wanafua."

Nilikuwa nimelewa ushindi. Tulirudi kwenye samaki.

Aliandika katika rasimu yake kwamba maandishi ya picha ya kwanza si sahihi. Mwalimu akamuuliza amejuaje. Akasema, mama. Mwalimu, ambaye alikuwa kijana mpole mwenye tai iliyochapwa ramani ya dunia, akamuuliza mama ni mtu wa wapi. Zanzibar. Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba Zanzibar si India, jambo ambalo ni kweli, sikumlaumu. Alitaka chanzo kinachoijua wilaya ile, kitabu au mtu. Bila chanzo, alisema, ukurasa mzima utakuwa maoni tu, na maoni hayampeleki mtu kwenye mtihani wa juu.

Hapo binti yangu akamkumbuka Anko.

Anko alikuwa mwenye duka la vyombo karibu na kituo chetu cha basi. Aliuza sufuria, mafagio, ndoo, na mazulia ya kufutia miguu mlangoni, yale magumu ya usumba yaliyoandikwa WELCOME. Nyuma ya mazulia hayo kulikuwa na kibandiko kidogo, na kwenye kibandiko kulikuwa na jina la wilaya ileile. Binti yangu alikuwa amelisoma siku moja akinisubiri nimalize kubishania bei. Basi akaandika kwenye mradi wake: chanzo, mfanyabiashara Mhindi anayeshughulika na bidhaa za wilaya hiyo.

Kila neno hapo lilikuwa kweli. Anko alikuwa Mhindi. Lakini alikuwa Mhindi wa Zanzibar, kazaliwa Mji Mkongwe, na babu yake pia kazaliwa hapohapo. Hakuwahi kukanyaga India. Mazulia aliyanunua kwa jumla Southall, safari ya basi moja. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na hakuacha siku ipite bila kunikumbusha kwamba yeye ni mtu wa mjini na mie wa shamba.

Mwalimu alifurahi mno. Alimwandikia Anko barua ya kumwalika darasani Alhamisi ijayo, awaeleze watoto habari za kwao kwa dakika ishirini. Ikiwa atathibitisha habari ya makumbi, ukurasa wa binti yangu utahesabiwa.

Jioni hiyo nilipopita dukani, Anko aliiweka barua juu ya kaunta kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama.

"Dada, mwanao kaniuza."

"Kakupandisha cheo, kaka. Leo umekuwa mwakilishi wa India."

"Mie? Mie mnazi nimeuona kwa chini. Nazi zilifika nyumbani kwetu zimeshafuliwa, tena zimeshakunwa. Nilikuwa nikidhani zinaota hivyo."

"Basi mkatalie mwalimu."

Aliitazama barua tena. Kwa miaka yote aliyokaa Uingereza, hakuna aliyewahi kumwalika popote isipokuwa watu wa kodi.

"Na mtoto atakuwaje nikikataa?"

"Atafanya mtihani wa chini."

Akakunja barua, akaitia mfukoni. "Haya, we mtu wa shamba. Nifundishe India."

Tulianza kesho yake nilipotoka kazini. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya duka, nami juu ya katoni ya sahani, na binti yangu kifudifudi sakafuni na ramani zake. Shida ilikuwa usumba. Nazi za London huja zimenyolewa upara, huwezi kupata kumbi hata ulilie. Tukalichukua zulia moja, lililozungushiwa ukingo wa kamba zilizosukwa, tukaufumua ukingo, tukazifumua kamba zenyewe, mpaka tukapata usumba ulio safi, uliosafiri kutoka pwani moja na kuja kufumuliwa na mtu wa pwani nyingine. Zulia lililobaki lilianza kupukutika. W ilikuwa ya kwanza kuondoka. Kuanzia siku hiyo lilimkaribisha mteja kwa neno ELCOME.

Maneno aliyashika haraka. Kumbi, shimo, gongo, usumba. Aliyaandika nyuma ya orodha ya bei za masufuria.

"Na harufu niseme inafananaje?"

"Sema mbaya."

"Dada, mie nauza vitu. Siwezi kusema mbaya tu. Mbaya kama nini?"

Nilimpa mfano kutoka kazini kwangu. Aliuandika, kisha akaukata.

Kusokota ndiko kulikomshinda. Unachukua nyuzi mafungu mawili, unayaviringisha kati ya viganja, yanajifunga yenyewe. Mama yangu alibana mwanzo wa kamba kwa kidole gumba cha mguu.

"Nivue soksi mbele ya watoto wa Kiingereza?" aliuliza.

"Basi funga kwenye mguu wa meza."

Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtu wa benki, na kila alichosokota kilifumuka kikasimama wima kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Lakini hakukata tamaa, nami nilimwambia ukweli, kwamba mie nilichukua mwaka mzima kujifunza, tena nikipigwa.

Alhamisi nilibadilishana zamu, nikaenda naye kumbebea mfuko. Mwalimu alinipa kiti cha nyuma, akiamini mie ni mfanyakazi wa dukani. Binti yangu alikaa safu ya mbele na hakugeuka kunitazama hata mara moja. Shule ile ilikuwa chini kabisa ya njia ya ndege. Kila baada ya dakika chache moja ilipita juu ya paa na wote walinyamaza, mwalimu mdomo wazi katikati ya neno, kisha wakaendelea kama watu waliosimamishwa kwa swichi.

Anko alikuwa mzuri ajabu. Nakwambia mtu aliyeweza kuuza sufuria isiyo na mfuniko kama mtindo mpya anaweza kuuza na makumbi. Alieleza mchanga, mawe, maji kujaa na kupwa. Alieleza harufu mpaka mtoto mmoja akaomba dirisha lifunguliwe. Kisha ulimi ukamponyoka akasema, "Bibi yangu alikuwa na shimo lake mwenyewe." Lile lilikuwa shimo la mama yangu. Bibi yake alikuwa na duka la vitambaa na watumishi wawili.

Mwalimu aliandika ubaoni, herufi kubwa: USUMBA.

"Hilo ni neno la Kihindi?"

"Ni neno la watu wa pwani," alisema Anko, bila kupepesa. Hakudanganya, ukipima vizuri.

Mwalimu akamwomba aoneshe kusokota. Anko akafunga nyuzi kwenye mguu wa meza, akaviringisha, zikafumuka. Akajaribu tena, zikafumuka zaidi. Darasa likaanza kucheka kidogokidogo. Akainua kichwa akanitafuta nyuma, akasema kwa Kiswahili, "Dada, imenikatalia hii."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ilitoka safu ya mbele.

"Anko, unasokota kinyume. Geuza mkono wa juu."

Nilikaa wima. Tangu mwanangu ana miaka mitano sikuwahi kumsikia akitoa Kiswahili kirefu kiasi kile, tena hadharani, tena sahihi. Kumbe jioni zile alipokuwa amelala kifudifudi nyuma ya duka na ramani zake, masikio yalikuwa kwetu.

Mwalimu alimgeukia akitabasamu. "Sikujua kwamba unazungumza Kihindi vizuri namna hii."

Ndege ikapita. Wote tukanyamaza, na katika ukimya ule binti yangu ndipo aligeuka kunitazama. Nilielewa anachouliza. Mie, mama mzazi niliyemlea kwenye madrasa na maadili, nilitikisa kichwa: nyamaza. Makumbi yameshathibitishwa, mwalimu amefurahi, mtihani wa juu uko pale, karibu kuliko mlango. Ndege ilichukua muda mrefu kupita. Ilipoondoka, akasimama.

"Si Kihindi," alisema. "Ni Kiswahili. Anko hajawahi kufika India. Shimo ni la bibi yangu, Zanzibar."

Darasa liliangua kicheko. Anko alisema, kwa heshima zote, kwamba yeye alitaja pwani tu, hakutaja ipi. Mwalimu hakucheka. Alikaa pembeni ya meza, na nikaona mwanangu anakwenda mtihani wa chini hivihivi namtazama.

"Kwa hiyo," mwalimu alisema taratibu, "hatuna chanzo. Maandishi ya picha yanabaki yalivyo."

"Hapana," binti yangu alisema. "Tazama picha. Kama wanafua nguo, nguo ziko wapi?"

Karatasi zote darasani ziligeuzwa kwa pamoja. Wanawake wanne, magongo manne, rundo jeusi. Hakuna shati, hakuna kamba ya kuanikia, hakuna hata kitambaa. Kwa muda wote ule, hakuna aliyezitafuta nguo, na mie ni mmojawao. Mie nilimtambua mvivu.

"Na picha ya pili," aliendelea, "mama yangu, yule pale nyuma, alisema ni mchezo. Mama alikosea." Sasa watu wote waligeuka kumtazama mama. "Bibi yangu anasokota kwa mikono. Hawa wana gurudumu. Gurudumu linataka watu watatu na uwanja mrefu. Mikono inataka mtu mmoja na kivuli, na unaweza kusimama ukapika. Kazi ni moja, lakini hawa inabidi wakutane, na bibi anafanya peke yake. Hiyo sikuipata kwa Anko wala kwa mama. Nimeiona kwenye picha."

Mwalimu aliinamia picha ya pili, akahesabu watu kwa kidole. Kisha akanitazama mie kwenye kiti cha nyuma, akauliza kama ningependa kuja mbele. Nilivua kiatu. Nilivua na soksi. Nilibana mwanzo wa kamba kwa kidole gumba, na watoto thelathini wa Hounslow wakakaa sakafuni kunizunguka. Kamba ilitoka fupi na yenye vinundu, mama yangu angeifumua. Kila aliyetaka kujaribu alijaribu, na nilimwambia kila mmoja kwamba anaendelea vizuri, hata wale walioharibu kabisa.

Mwalimu alimpa binti yangu mpaka Jumatatu auandike mradi upya, safari hii kuhusu pwani mbili na kazi moja, na kila dai liwe na mahali lilipotoka. Alikesha nao Jumamosi na Jumapili sakafuni. Niliusoma ulipomalizika. Mie nimo, katika sentensi moja: "Chanzo kimoja kilidhani huu ni mchezo." Hiyo ndiyo sehemu yangu katika elimu ya juu ya Uingereza.

Orodha ilibandikwa mlangoni mwa darasa wiki mbili baadaye. Alinipigia simu kazini, nikiwa nimepiga magoti kati ya viti nikisaka soksi, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "Mama. Nimo. Wa juu." Nilimwambia hongera, nikamwambia uuguzi bado upo akibadili mawazo, na nikamletea ramani kumi na moja jioni ile.

Miaka michache baadaye mtoto wa jirani alikuja na karatasi ileile ya wilaya ileile. Mwalimu alikuwa ameitengeneza upya. Nyuso bado zilikuwa maandazi, lakini chini ya picha ya kwanza palisomeka: wanawake wakipiga makumbi ya nazi, ambayo nyuzi zake wenyeji wa wilaya hii huziita usumba.

Niliomba nakala nikaipeleka dukani. Anko aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani juu ya lile zulia la ELCOME, ambalo hakukubali kuliuza wala kulitupa.

"Si unaona, we mtu wa shamba," alisema. "Nilisema neno la watu wa pwani."